Batli, zamu na lakabu

Ukilitamka neno batli leo pale Forodhani, Unguja, kijana atakayekusikia atadhani umekusudia batili na ulimi umeteleza. Mzee aliyewahi kusafiri na majahazi hatadhani hivyo. Batli ni daftari la safari la chombo. Humo hutiwa upepo umevuma kutoka wapi, chombo kimeelekezwa wapi, kimekwenda masafa gani tangu jana, tanga lipi limechanika na baharia gani ameugua. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo, pamoja na msemo wake, kutia batlini. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini mengi ya maneno yake ya baharini yaliachwa forodhani kama mzigo usio na mwenyewe.

Ninalipigia debe neno hili kwa sababu kazi ipo. Kila sava ya wavuti, iwe inahudumia hoteli ya Shangani au idara ya serikali, haitoi ukurasa bila ya kuandika mstari: anwani ya aliyeomba, tarehe na saa, alichokiomba, jibu alilopewa, na ukubwa wa jibu lenyewe. Apache, iliyotoka mwaka 1995, huandika hivyo. Nginx ya Igor Sysoev, iliyotoka mwaka 2004, huandika hivyohivyo. Makosa nayo yana faili lake. Mafundi huyaita mafaili haya logi. “Logi zimejaza diski,” fundi atamwambia mwenzake kwa simu, na mwenzake ataelewa mara moja.

Sina ugomvi na logi. Neno limeshaingia, limevishwa irabu ya mwisho, linapokea viambishi bila ya matata. Ila anayelitumia hajui ametohoa nini. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakifunga kipande cha ubao kwenye kamba yenye mafundo na kukitupa nyuma ya meli. Ubao ulibaki pale ulipoangukia, meli ikaendelea, kamba ikafunguka. Na wakati mchanga unashuka ndani ya chupa yake, mtu alihesabu mafundo mangapi yamempita mkononi. Ule ubao kwao ni gogo. Hesabu iliandikwa kitabuni, kitabu kikawa kitabu cha gogo, kisha kitabu kikaondoka na gogo likabaki. Kompyuta zilirithi gogo hilo. Kwa hiyo anayesema batli hatafsiri chochote. Analitwaa daftari lilelile la chombo kwa jina ambalo pwani hii ilikuwa nalo.

Wanaotafsiri programu wengi huchagua kumbukumbu. Ni neno zuri lililochoshwa. Kumbukumbu za mkutano ni kumbukumbu, nyaraka zilizohifadhiwa Kilimani ni kumbukumbu, na kompyuta yenyewe ina kumbukumbu, ile inayofutika umeme ukikatika. Fundi akiambiwa kumbukumbu imejaa, anunue vipande vya kumbukumbu au afute mafaili? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kilithibitisha kwamba programu nzima yaweza kusema Kiswahili. Lakini hiyo ni programu ya mtu wa ofisini, anayeandika barua na kupanga majedwali. Aliyekaa nyuma ya sava, anayesoma mistari elfu kumi akitafuta mmoja, bado anajitafutia.

Batli ya sava ina tatizo ambalo batli ya jahazi haina: haifiki bandarini. Safari haimaliziki, na kurasa za daftari hazina mwisho mpaka diski yenyewe iseme basi. Diski ikijaa, hifadhidata hushindwa kuandika, barua pepe hukwama, na tovuti inayohesabu wageni wake kwa bidii huzama kwa uzito wa hesabu hiyo. Dawa yake ni ya siku nyingi. Faili la sasa hubadilishwa jina, faili tupu huanzishwa mahali pake, mafaili ya nyuma hubanwa yasichukue nafasi, na ya nyuma kabisa hutupwa. Kwenye Linux kazi hii hufanywa mara nyingi na logrotate, programu iliyoanzishwa katika kampuni ya Red Hat katika miaka ya 1990 na Erik Troan. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa batli za Apache hufanya hivyo kila siku na kuweka mafaili 14.

Tendo hilo huitwa kuzungusha, kwa kuwa Kiingereza kimesema hivyo. Nimelitazama kila upande na sijaona kinachozunguka. Faili la access.log huwa access.log.1, lililokuwa na 1 hupata 2, lenye namba ya mwisho hufa. Hakuna hata moja linalorudi mwanzo, na kitu kinachozunguka lazima kirudi. Hili ni jambo la zamu. Askari ana zamu, muuguzi ana zamu, baharia aliyeshika usukani ana zamu, na nyumba yenye wake wawili inaijua zamu kuliko wote hao. Faili moja liko zamuni, lililotangulia limetoka zamu, na jipya linapokea. Tuseme batli hupokezana zamu.

Faida ya neno zamu ni kwamba limebeba pale penye hatari. Askari wa zamu haondoki lindoni mpaka mwenzake afike. Akiondoka mapema, mlango hubaki wazi kwa dakika chache, na mwizi anazijua dakika hizo. logrotate ina agizo liitwalo copytruncate: faili hunakiliwa mahali pengine, kisha la asili hukatwa hadi sifuri huku sava ikiendelea kuandika. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba baina ya kunakili na kukata upo upenyo mdogo, na mistari iliyoandikwa humo hupotea. Kwenye tovuti ya skuli hakuna atakayejua. Kwenye sava inayopokea malipo ya watu, mstari mmoja uliopotea ni kesi. Neno mzunguko haliashirii upenyo wowote, kinachozunguka hakikabidhi.

Na zamu inabadilika lini? Usiku wa manane, watajibu wengi. Usiku wa manane wa nani? Sava nyingi hutegwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 00:00 yake, hapa Unguja ni saa tisa za usiku. Kwa hiyo batli ya Ijumaa huanza saa tisa za usiku, wakati saa ya ukutani ilikwisha kuiingia Ijumaa yake tangu saa sita. Na wazee wana Ijumaa ya tatu. Kwa hesabu ya Kiislamu siku mpya huingia jua likichwa, ndiyo maana wanaposema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao redio, kwa kuogopa kuwatatiza wasikilizaji, huuita usiku wa kuamkia Ijumaa.

Kinachonifurahisha ni kwamba logrotate nayo imenasa katika shaka hiyohiyo. Ukiitaka itie tarehe kwenye jina la faili, huandika tarehe ya siku ya kubadilisha zamu, si ya siku iliyoandikwa ndani. Mambo ya Alhamisi hulala kwenye faili lenye jina la Ijumaa. Lipo agizo jingine, dateyesterday, la kuiambia programu itumie tarehe ya jana, na mtu aliyelelewa akisikia kuamkia hahitaji kuelezwa kwa nini. Vipimo vyake vingine ni saa, wiki, mwezi na mwaka. Mwongo haumo. Namaanisha mwongo wa asili, siku kumi, ambao wakulima na wavuvi waliuhesabu kuanzia siku ya Mwaka, ule unaokogwa Makunduchi mwezi wa Julai. Baadaye wasomi waliuchukua wakaufanya miaka kumi. Siku kumi zingefaa sana kwa batli za tovuti ndogo.

Anayeona ubishi huu wa saa ni wa bure na akumbuke tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga jumba la Sultani ufukweni mwa mji wa Zanzibar. Vitabu vingine vinasema vita vilichukua dakika 38, vingine 40, vingine 45. Inategemea unaanza kuhesabu wapi na unasimama wapi. Sava mbili zilizovamiwa usiku mmoja, moja imetegwa saa ya Unguja na nyingine ya kimataifa, zitapishana kwa saa tatu kamili, na mpelelezi asiyelijua hilo atamkamata mtu aliyekuwa amelala kwake.

Turudi kwenye kubadilisha jina, maana hapo pana jambo ambalo wanafunzi hulikataa mpaka walione. Unalibadilisha jina faili la batli, unaanzisha jipya lenye jina la zamani, unakaa kungoja mistari. Faili jipya linabaki tupu. Sava inaendelea kuandika kwenye lile la zamani, kana kwamba hukulibadilisha. Sababu ni kwamba mfumo wa Unix, tangu ulipozaliwa Bell Labs mwaka 1969 mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, umetenga vitu viwili ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya: jina la faili na dhati yake. Dhati ni faili lenyewe, lenye namba yake diskini. Jina ni maandishi ndani ya saraka yanayosema, namba fulani huitwa hivi. Sava ikishafungua faili huishika dhati, na majina hayaihusu tena. Ndiyo maana baada ya zamu kubadilika lazima ipelekewe ishara ya kufungua upya. Nginx, kwa mfano, hupokea ishara iitwayo USR1. Na ndiyo maana logrotate ina agizo la kuchelewesha kubana: faili lililotoka zamu leo huachwa bila ya kubanwa mpaka zamu ijayo, kwa kuwa huenda sava bado inamalizia sentensi humo.

Dhati ni neno tunalolitumia sana bila ya kulifikiria. Mtu hutenda jambo kwa dhati. Ningependa kulisikia darasani badala ya namba ya ndani ya faili, au sijui kielezi gani kingine kilichobandikwa. Kwa neno hilo hata kufuta kunaeleweka vizuri zaidi. Unix haina amri ya kufuta dhati. Inachofanya ni kulivua faili jina. Jina la mwisho likivuliwa, na ikiwa hakuna programu iliyolishika, hapo ndipo dhati hufa na nafasi yake hurudi. Fundi aliyefuta batli kubwa kwa hasira, kisha akaona diski bado imejaa vilevile, amevua jina tu. Sava ingali imeishika dhati na ingali inaandika kwenye faili ambalo hakuna tena wa kuliita.

Hapa ndipo yanapoingia yale yaitwayo viungo, na hapa ndipo uvumilivu wangu unaponishinda. Neno kiungo kwa ukurasa wa wavuti linatosha, kwa kuwa ukurasa kweli unaungwa na ukurasa, ingawa watu wa mtaani wataendelea kuambizana, nitumie linki. Wala sijali kwamba kiungo ni goti, ni mchezaji wa katikati uwanjani, na kwamba ukiuliza viungo sokoni Darajani utafungiwa mdalasini na hiliki. Neno lenye maana nyingi si kosa. Kosa liko kwenye mafaili, ambako Kiingereza kina viungo vya aina mbili, kigumu na laini, na wafasiri wamevileta vyote viwili na sifa zake. Kiungo kigumu. Mwambie mganga una kiungo kigumu, atakukanda kwa mafuta ya nazi. Mwambie mwanafunzi, atadhani ni somo la mwaka wa tatu.

Hicho kinachoitwa kigumu hakiungi kitu. Ni jina la pili la dhati ileile, lenye haki sawa na la kwanza. Ukilivua la kwanza, faili linaendelea kuishi kwa la pili, na hakuna alama inayoonyesha lipi lilitangulia. Kiswahili kina lakabu. Zanzibar wapo watu ambao jina la cheti cha kuzaliwa halijulikani hata kwa jirani, na tangazo la kifo likisomwa redioni bila ya kutaja lakabu, mtaa mzima hautajua nani amefariki. Lakabu haipitii kwenye jina la cheti ili imfikie mwenyewe. Inamfikia moja kwa moja. Hivyo ndivyo jina la pili la faili linavyofanya kazi. Hata gzip, programu ya kubana, ukiipa faili lenye majina mawili hukataa kulibana mpaka uilazimishe, kwa kuwa italibana jina moja na kuliacha jingine na mwili wa zamani.

Kile laini ni kiumbe tofauti kabisa, kilichokuja baadaye, katika Unix ya Berkeley iliyotoka mwaka 1983. Ni faili dogo ambalo ndani yake hamna ila jina la faili jingine. Nakiita kibao, kama kile cha njia panda. Najua kibao ni kofi pia, na ni wimbo uliovuma. Kibao hakimjui mwenye nyumba. Kinajua maandishi yaliyopakwa juu yake. Nyumba ikihama, kibao hakina habari. Darajani ni kibao cha namna hiyo. Mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa katika karne ya 20, daraja likakosa kazi likaondoka, barabara ya juu yake leo ni ya Benjamin Mkapa, na jina linaendelea kuelekeza kwenye daraja. Tofauti ni kwamba dereva wa daladala anakufikisha Darajani bila ya daraja. Sava haina huruma hiyo. Kibao kinachoelekeza kusikokuwepo huonekana kwenye orodha ya mafaili kama kawaida, lakini ukikifungua unajibiwa hakuna faili kama hilo.

Tofauti ya lakabu na kibao ndiyo inayoamua mtu aione batli ya leo kwa njia gani, maana mafaili yenye tarehe hubadilika jina kila siku na hakuna anayetaka kuandika tarehe kila asubuhi. Apache huja na rotatelogs, ambayo ukiiomba huipa batli iliyo zamuni lakabu isiyobadilika. Zamu ikibadilika, lakabu huvuliwa ikavishwa dhati mpya. Programu ya cronolog yaweza kuweka kibao na kukipaka upya kila zamu. Lakabu haivuki diski, kwa kuwa namba za dhati ni za diski moja. Kibao huvuka popote. Mtazamaji naye ana hiari yake. Amri ya tail, ya kutazamia batli, kwa f ndogo hushika dhati, kwa hiyo zamu ikibadilika hubaki ikikodolea macho faili lililostaafu, kimya, na fundi akadhani tovuti haina wageni. Kwa F kubwa hufuata jina, na kila mara hurudi kuuliza, nani anaitwa hivi sasa?

Kibao kina ubaya mmoja ambao miongozo ya Apache huutaja kwa ukali. Sava huanza ikiwa na mamlaka ya mkuu wa mfumo, na batli hufunguliwa kwa mamlaka hayo. Mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye saraka ya batli anaweza kutundika humo kibao chenye jina la batli, kikielekeza kwenye faili la mfumo ambalo yeye mwenyewe hawezi kuligusa. Sava, kwa utiifu, itaenda kuandika huko. logrotate siku hizi hukataa kufanya kazi kwenye saraka iliyo wazi kwa kila mtu, mpaka uitajie wazi itende kwa mamlaka ya nani. Wengi huona ukaidi huo ni usumbufu, wakafungua kila kitu ili kelele ziishe. Waliotundikiwa kibao hawasemi hivyo.

Limebaki swali la majina yenyewe. cronolog ina vibao viwili, cha batli iliyo zamuni na cha iliyotoka sasa hivi, na Kiingereza kimeviacha na majina ya kifundi yasiyo na ladha. Kwa zamu ya kila siku ningeviita leo na jana, herufi tatu na herufi nne, na kila Mswahili anajua kwamba maneno hayo mawili hayashiki tarehe moja kwa zaidi ya siku. Juzi pia yafaa, kwa mwenye mafaili ya kutosha. Kutoka hapo kurudi nyuma tumia tarehe, kwa kuwa majuzi hayana hesabu. Kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo hazina batli. Hizo ni za anayekadiria diski itajaa lini.